Lupango Bila Doa

Mtu akiniuliza leo namna ya kubadilisha mafuta ya pikipiki nyumbani bila kuchafua, nitamweleza vizuri kuliko fundi yeyote wa Kasongo, na mimi mwenyewe sijawahi kuiendesha pikipiki hata siku moja. Nilijifunza kwa kutazama na kwa kukemewa. Miaka ile ya Wabelgiji, pale Kabambare, mume wangu alikuwa muganga msaidizi wa dispensere ya serikali, na alikuwa na pikipiki yake, tukutuku tulivyoiita. Aliinunua Kasongo kwa muzungu mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa kuukuu na ilikohoa kila asubuhi, lakini ilikuwa yake, si ya serikali. Watu wa mtaani walisema anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Niliwajibu kwamba ni kweli, maana tukutuku haimjibu.

Kwanza kabisa moteri lazima iwe na joto. Mafuta yaliyolala baridi ni mazito, yanashuka kwa uvivu na kuacha uchafu ndani. Kwa hiyo aliipanda mpaka mtoni na kurudi, halafu akaisimamisha nyuma ya nyumba, mahali palipo sawa. Chini yake alitandika majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, na juu ya majani akamwaga mchanga mkavu. Katikati ya mchanga aliweka beseni. Lilikuwa beseni langu la kufulia, na tangu siku alipolichukua sikuliona tena likifua kitu.

Kuna buloni chini ya moteri, bolti inayozuia mafuta. Ukiifungua haraka, mafuta yanaruka na kukupaka mpaka kwenye kiwiko. Yeye alilegeza kwa kle, yaani spana, kidogo kidogo, kisha akaweka kle chini na kumalizia kwa vidole, huku akiisukuma buloni kwenda juu kana kwamba anataka kuirudisha. Ikishalegea kabisa ndipo aliuchomoa mkono kwa upande, upesi, na mafuta yakashuka kama uzi mmoja mweusi katikati ya beseni. Kisha alichuchumaa akingoja. Alingoja mpaka tone la mwisho lianguke, akaifuta buloni kwa pamba, akatazama ile pete yake ya shaba kama imepinda, akafunga. Mafuta mapya aliyatia kwa jani la mgomba alilolikunja kama mrija. Faneli ya bati, alisema, ukiiondoa inadondosha, lakini jani unalikunja tu na tone linabaki humo humo.

Mchanga uliolowa ulikwenda chooni. Majani yalikwenda motoni. Mimi nilifagia. Baada ya hapo ungeweza kuanika unga wa muhogo mahali pale pale, na usingeona doa hata moja.

Hakuzaliwa na usafi huo, msidanganyike. Nilipoolewa naye alikuwa mtu wa kuacha shati mahali lilipoanguka. Ugonjwa wa usafi ulimwingia kwa sababu ya karte.

Wasiojua habari hiyo niwaeleze. Wabelgiji walikuwa na karte, kadi ya kumpa mtu mweusi waliyemwona ameendelea. Ulikuwa ukiiomba, halafu wanakuja watu wa kamisio, kamati yao, kwako kutazama unavyoishi. Wanatazama kitanda kama kina shuka, choo kama kina kifuniko, jikoni kama mna kuku wanaolala humo. Ndiyo, watu wazima wenye kofia wanafunua blangeti la kitanda chako na cha mke wako. Ukifaulu, unaruhusiwa mambo fulani ambayo mtu yeyote aliyezaliwa na mama alipaswa kuruhusiwa bila kuomba.

Mume wangu hakutaka mvinyo wao wala viti vyao. Alitaka kitu kimoja. Mtu mwenye karte hachapwi fimbo.

Yeye aliwahi kuchapwa. Sanduku la dawa lilianguka mtoni wakati wa safari ya kuchoma watu sindano, chupa zikavunjika, na ajan, afisa mmoja wa serikali, akamlaza chini mbele ya dispensere, mbele ya wagonjwa wake, wanawake wenye watoto mgongoni. Kesho yake wale wale wagonjwa walikuja na yeye akawapa dawa. Hakulisema jambo hilo tena nyumbani, lakini tangu siku ile alilala kwa tumbo hata baada ya mgongo kupona. Kwa hiyo sikumcheka alipoanza na mambo ya karte. Nilinung'unika, ndiyo, mimi ni mtu wa kunung'unika. Kumcheka sikumcheka.

Karani mmoja wa mtaa wetu aliomba kabla yake akanyimwa. Tulisikia walikuta mbuzi barazani na madoa ya mafuta mbele ya mlango, chini ya baiskeli yake. Mume wangu alipolisikia hilo la madoa, akaitazama tukutuku, akautazama udongo. Majani ya mgomba yalianza wiki ile ile.

Sasa nije kwa mama mkwe wangu, maana habari hii ni yake kuliko ya tukutuku.

Alitoka Wamaza, kijijini kwao, baada ya kufiwa na mumewe, na mwanawe akamjengea nyumba ndogo ya miti na udongo nyuma ya lupango yetu, kiwanja cha nyumba yetu. Yetu sisi ilikuwa ya matofali, imepakwa chokaa. Kiswahili alikisema kwa kuchaguachagua maneno. Kati yao wawili ilikuwa Kibangubangu tu. Alimwita mwanawe "baba", kwa sababu alimpa jina la baba yake mzazi. Mtu mzima mwenye ndevu akirudi kazini, mama yake anatoka mlangoni na kusema baba amekuja. Mwanzoni niliona ajabu, mimi mtoto wa mjini Kasongo, baadaye nikazoea.

Mchwa wa Kabambare hawana adabu. Nguzo ya mti ikiingia ardhini leo, kabla ya mvua nyingine wamekwisha kuila ndani, imebaki ganda. Dawa yake tuliijua wote: mafuta meusi ya moteri. Kwa hiyo kila mafuta yalipobadilishwa, beseni lilipelekwa kwa mama. Aliyaacha yapoe, akachovya ufagio mdogo wa chikichi, akazungukia nguzo zake moja moja, anapaka miguu ya nguzo mpaka kimo cha magoti ya mtu. Hakutaka mimi nimsaidie. Majani nayo yaliteketea katika mafiga yake. Alisema mchwa sasa wamemkimbia, wamekwenda kula nyumba za watu wasiozaa watoto wa kiume. Alikuwa na ulimi, mama yule. Tulipatana sana, na si kila mwanamke anaweza kusema hivyo juu ya mama mkwe.

Basi. Kamisio ilipokaribia, padri mmoja wa misioni akamshauri mume wangu. Alimwambia mabwana wale wanataka kuona baba, mama na watoto, nyumba moja, meza moja. Wakiona ndugu wamejaa nyuma ya nyumba wanasema huyu bado ni mtu wa kijiji, amevaa suruali tu. Mume wangu alirudi na maneno yale kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni kichwani, hajui autue wapi. Halafu akakata matete.

Alijenga ua kati yetu na mama. Ua mrefu, mzuri, umefumwa vizuri, maana hakujua kufanya kitu vibaya. Mlango wa nyumba ya mama aliugeuza utazame njia ya nyuma, kana kwamba ni lupango ya watu wengine. Alimwambia mama ni kwa ajili ya upepo. Mama alisema ndiyo, upepo wa siku hizi ni mubaya.

Nilimwambia wazi wazi kwamba mficha uchi hazai. Kama wanataka kumpa karte, wampe na mama yake. Kama hawataki, waende nayo. Akanijibu kwamba watu wa Kasongo tunasema sana na hatujawahi kulala chini mbele ya wagonjwa wetu. 

Walikuja asubuhi, umande haujakauka. Walikuwa administratere, yule aliyetawala teritware yetu nzima, pamoja na yule padri, na muzungu wa tatu aliyesimamia barabara na karakana ya serikali, mtu mnene mwenye masikio mekundu. Mume wangu alikuwa amevaa suti iliyomfaa kabla hajanenepa kidogo. Tukutuku ilisimama nyuma ya nyumba, inang'aa. Mafuta yake alikuwa ameyabadilisha siku iliyotangulia.

Administratere aliuliza hapa anaishi nani. Mume wangu akajibu kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie nisije nikakosea: yeye, bibi yake na watoto, basi. Akaulizwa juu ya lile paa linaloonekana nyuma ya matete. Akasema ni la watu wengine. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Ua wa matete hauzuii sauti, na mama alikuwa hatua chache upande wa pili, anatwanga. Nilisikia mchi ukinyamaza.

Walitazama vyote. Kitanda, neti, choo, jikoni. Padri alikuwa anatabasamu kama yeye ndiye aliyetufagilia. Nilianza kufikiri mambo yamekwisha. Ndipo yule wa karakana akaenda kwenye tukutuku, akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya moteri, akakitazama. Kikavu. Akatazama chini. Udongo msafi. Akavuta kijiti cha kupimia mafuta, akaona mafuta mapya, ya rangi ya asali.

Akauliza mafuta haya yamebadilishwa lini. Mume wangu, kwa fahari kabisa, maskini, akasema jana. Wapi? Hapa nyumbani, bwana. Muzungu akasimama, akapangusa magoti. Akasema kwamba hajaona bado mutu mweusi anayebadilisha mafuta nyumbani bila lupango yake kuonekana kama machinjioni. Akasema pipa la mafuta la karakana yake linapungua bila sababu, na kwamba yeye anaona tukutuku hii imehudumiwa karakanani, kwa mafuta ya serikali, na mtumishi fulani amesaidia. Alisema hayo akimtazama administratere, hakumtazama mume wangu hata kidogo.

Mnaona mambo hayo? Kama angeacha doa moja, doa la ukubwa wa sahani, angeaminiwa.

Mume wangu alieleza. Majani, mchanga, pamba, jani lililokunjwa. Alieleza kwa Kifaransa kizuri, na kadiri alivyozidi kueleza vizuri ndivyo yule mtu alivyozidi kucheka puani. Administratere hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, jambo la akili: mafuta machafu yako wapi? Mafuta yaliyotoka ndani ya mashine hayawezi kuruka mbinguni. Yaonyeshwe, na maneno yaishe.

Yalikuwa pale pale, nyuma ya matete, kwenye nguzo za mama yake. Kuyaonyesha ilikuwa kuonyesha nyumba ya mama, na mama ndani yake, na uongo alioutoa muda si mrefu mbele ya padri. Kunyamaza ilikuwa kuitwa mwizi wa mali ya serikali, na mwizi alijulikana anakokwenda: gereza, na fimbo kila asubuhi. Jasho lilimtoka mume wangu, lakini mikono aliibana nyuma asijifute. Nilitaka kusema mimi. Alinitazama mara moja tu, na macho yale yalikuwa yananiomba, hayakunikataza. Mtu akikukataza unaweza kumkaidi.

Ndipo mama akatokea. Alizunguka kwa njia ya nyuma, akaja kwa mbele kama mgeni anavyokuja, akapiga hodi pembeni ya nyumba ya mtoto wake. Mkononi alikuwa na kopo la mafuta meusi yaliyobaki jana, na ule ufagio wa chikichi. Alivaa kitambaa chake cha kutwangia, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mafuta munatafuta iko hapa," alisema.

Administratere alimwuliza yeye ni nani.

Palikuwa na muda hapo. Siwezi kusema ulikuwa mrefu, labda kiasi cha mtu kumeza mate. Lakini mume wangu angeweza kusema. Neno lenyewe ni fupi, watoto wanalijua kabla ya yote. Mama hakumtazama administratere, alimtazama mwanawe, na alimngoja. Nitasema hivyo mbele ya yeyote: alimngoja.

Halafu akageuka kwa muzungu.

"Miye niko jirani tu. Huyu bwana ananipatiaka mafuta ya muchwa. Eko mutu muzuri."

Wakaenda wote kuona. Yule wa karakana alipitisha kidole kwenye nguzo, akakinusa, akatazama na nguzo nyingine zilizoiva nyeusi kwa mipako ya miezi, tabaka juu ya tabaka. Akanung'unika kitu kwa lugha yao. Administratere akampa mume wangu mkono. Padri alikuwa anajua. Alimjua mama, mara ngapi amempa komunyo. Alitazama viatu vyake. Kisha wakapanda gari lao wakaenda, na kuku wakarudi barabarani.

Mume wangu aliingia nyuma ya matete. Nilimfuata. Mama alikuwa anafunga mkeka. Alimwambia kwa Kibangubangu, taratibu, kwamba kuna watu wa Wamaza wanaorudi leo na vikapu vyao, atakwenda nao. Alisema mwanamke mjane hapaswi kuishi peke yake mjini kati ya watu asiowajua. Mume wangu alipiga magoti, akashika mkeka ule, akasema mama, mama, mama. Sasa neno lilikuwa linatoka. Akasema atamchukua kwa tukutuku kama ni lazima aende. Mama akakataa. Alimnyang'anya mkeka bila hasira, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, na akatembea kwa miguu na wale wenye vikapu.

Mimi nilimchukia mume wangu siku ile. Nilimwambia hivyo, usoni, na sikuongeza chumvi. Hakubisha. Aliketi kwenye baraza na suti yake mpaka jua likazama, na nilipomletea bugali nililiweka chini kwa kishindo. Na bado nilipomtazama mgongo nilikumbuka dispensere, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Nimekaa nayo hivyo hivyo uzeeni. Namchukia nani, yeye aliyenyamaza, au waliomfanya mtu achague kati ya mama yake na mgongo wake? Wazungu wale walikwisha kwenda kwao Ulaya, wanazeeka kwa raha, na hawakumbuki hata nguzo.

Karte ilikuja. Aliitoa kwenye bahasha, akaisoma, akaitia mfukoni, na kesho yake asubuhi akaniambia nipande nyuma, tunakwenda Wamaza kumrudisha mama. Alikuwa ameng'oa ule ua wa matete kwa mikono yake mwenyewe, viganja vimechanika. Alibeba chumvi, kitambaa kipya na sabuni. Njiani, penye mashimo, nilimshika kiunoni na nikasikia anafanya mazoezi ya maneno atakayosema.

Habari zilitutangulia, kama kawaida ya njia zile. Tulipofika, mama alikuwa amefagia uwanja wote, amenyunyiza maji kutuliza vumbi. Alitupokea vizuri kupita kiasi. Mimi aliniita mwanangu, akanivuta kwa mkono mpaka jikoni kwake. Mume wangu aliitwa bwana muganga, akaonyeshwa kiti, kiti pekee kilichokuwapo, cha wageni, ambacho hakijawahi kukaliwa na mtoto wa nyumba ile. Alipoanza kusema yale maneno yake ya njiani, mama alimwambia, "Kwanza ule, bwana, umetoka mbali." Alikuwa amechinja kuku. Alimpelekea peke yake, kwenye meza ndogo iliyotandikwa kitambaa, na kando ya sahani aliweka uma na kisu alivyokwenda kuazima kwa katekista.

Mume wangu alivitazama. Angeweza kuviweka chini, akaja jikoni, akachovya mkono wake katika bugali letu. Mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa amesogea upande mmoja, akiacha nafasi ya mtu kuketi. Akaushika uma. Sisi wawili tulikula kwa mkono, tukimsikia akigonga sahani, na mama alinisukumia kipande cha nyama alichokuwa amemwekea mwanawe ukingoni mwa chungu, akaniambia nile mimi, kitapoa.